Muuguzi Anaporudi Zamu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo Kamili

Siku ya tatu tangu nirudi wodini nilikunywa mafunda mawili ya maji kati ya saa moja asubuhi na saa nane mchana. Naikumbuka hesabu hiyo kwa sababu muda huohuo nilijaza chati za majimaji za wagonjwa tisa, yaliyoingia na yaliyotoka, kila mililita mahali pake. Nilipoinuka kwenda kubadilisha dripu kwenye kitanda cha mwisho, ukuta ukazunguka nikashika nguzo ya dripu nisianguke. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Sista, kaa kwanza."

Vidonda vyangu vilikuwa vimefunga vizuri. Kilichoniponza ni mazoea ya kazi: kubana mkojo, kumeza chakula tukiwa tumesimama, kuiona kiu kama jambo la baada ya zamu. Kabla ya upasuaji mwili huyavumilia hayo, maana ukifika nyumbani unakunywa lita nzima na kula sahani iliyojaa. Baada ya upasuaji njia hiyo ya kufidia haipo tena. Mfuko wa chakula haupokei lita kwa mkupuo, na ulichokosa saa nne asubuhi hutakipata saa mbili usiku.

Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye wazo moja: jihesabu kama mgonjwa mmoja wa ziada katika zamu yako, mwenye chati, dawa za saa na maagizo ya daktari. Takwimu nitakazotaja ni zile zinazotumika kwa kawaida. Agizo la daktari aliyekupasua likitofautiana nazo, fuata lake.

Hatua ya kwanza: jua ulichofanyiwa, na uwe nacho kwa maandishi

Unaweza kushangaa muuguzi anaambiwa hivi, lakini wengi wetu tunaondoka hospitali tukijua jina la upasuaji tu. Omba muhtasari wa upasuaji wako, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine kwenye simu.

Katika sliivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba. Utumbo hauguswi. Katika baipasi, hutengenezwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, kisha kikaunganishwa na utumbo mdogo kwa chini, na chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Tofauti hii ndiyo inayoamua mambo mengi ya kazini. Aliyefanyiwa baipasi ana hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa madini na vitamini, ya kupata vidonda pale kwenye muungo, na ya sukari kumshuka saa chache baada ya kula. Wa sliivu husumbuliwa zaidi na kiungulia. Aliyefungwa mkanda sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hubaki na tumbo lake lote, ila chakula kikimezwa haraka hukwama juu ya mkanda.

Hatua ya pili: panga tarehe ya kurudi kwa uwezo wako, si kwa huruma ya wodi

Upasuaji huu siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera, na mtu hulala hospitali siku moja hadi tatu. Ndiyo maana watu hudhani ni jambo dogo. Mwenye kazi ya mezani huweza kurudi baada ya wiki mbili hivi. Muuguzi wa wodi, wa mapokezi ya dharura au wa chumba cha upasuaji ajiwekee wiki nne hadi sita. Aliyefunguliwa tumbo kwa mkato mrefu anahitaji zaidi ya hapo.

Kuna jambo ambalo kalenda ya vidonda hailionyeshi: hatua za chakula. Wiki mbili za mwanzo kwa kawaida ni vimiminika tu. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa. Kisha vyakula laini, na vyakula vya kawaida huanza kurudi kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Ukirudi wiki ya nne, unarudi ukiwa unajifunza kula kama mtoto anayeachishwa ziwa, halafu unajifunzia ndani ya zamu ya saa 12. Inawezekana, lakini uijue hali hiyo kabla ya kuahidi.

Kabla ya kusema ndiyo, jipime wiki nzima nyumbani. Je, unafikisha lita moja na nusu ya majimaji kila siku bila kulazimisha? Je, unatembea dakika 40 na kupanda ngazi bila kizunguzungu? Umeacha kabisa dawa kali za maumivu, zile zinazolevya? Unaweza kusimama saa mbili mfululizo? Ikiwa swali moja tu linakukwamisha, ongeza wiki. Mimi nilidanganya kwenye swali la kwanza, nawe umeshasoma kilichonipata.

Omba pia urudi kwa awamu. Zamu fupi tatu kwa wiki katika wiki mbili za mwanzo zina faida kuliko zamu mbili ndefu, hata kama jumla ya saa ni ileile, kwa sababu kinachoharibu mambo ni saa ya nane ya zamu na kuendelea, mwili unapokuwa umekauka na akili imechoka. Zamu za usiku zirudi mwisho.

Hatua ya tatu: barua yenye maagizo, si maelezo

Barua isemayo "apewe kazi nyepesi" haina maana. Kwa msimamizi wa wodi yenye upungufu wa watu, kazi nyepesi ni wagonjwa wanane badala ya kumi. Mwombe daktari aandike mambo yanayoweza kupimwa: asinyanyue zaidi ya kilo 5 hadi tarehe fulani, asihamishe wala kugeuza wagonjwa, apate dakika tano za kunywa kila saa na nusu saa nzima ya kula, asipangwe peke yake wodini hadi tarehe fulani. Kikomo cha kilo hutofautiana kati ya madaktari, wengi hutaja kati ya kilo 4 na 7 kwa wiki nne hadi sita, hivyo namba iandikwe.

Barua haihitaji kutaja aina ya upasuaji. Ofisi ya afya kazini inaweza kuhitaji kujua, msimamizi anahitaji vikwazo na tarehe, na wenzako wa zamu wanahitaji kujua tu nini usikinyanyue. Kama ulipasuliwa hospitali hiyohiyo unayofanyia kazi, uliza mapema ni nani anaweza kufungua faili lako kwenye mfumo. Na wewe mwenyewe usilifungue kwa kutumia akaunti yako ya kazi, hata kwa kutaka kuona kipimo cha damu tu. Omba majibu yako kama mgonjwa mwingine yeyote.

Nenda na mapendekezo mkononi. Msimamizi akiambiwa "siwezi hiki wala kile" anaona pengo kwenye ratiba. Akiambiwa "naweza kupokea wagonjwa wapya na kuwahoji, kutoa elimu kwa wanaoruhusiwa, kugawa dawa kwa kigari, kukagua mafaili, kufundisha wanafunzi", anaona mtu wa kumpanga.

Hatua ya nne: kunyanyua, kusukuma, na moyo unaposimama

Tundu kubwa zaidi tumboni mwako, mara nyingi lile ambalo kipande cha tumbo kilitolewa, ndilo ambalo ngiri hupenda kutokea. Ngozi hufunga kwa siku kumi, ila tabaka la ndani huchukua wiki nyingi. Kwa nje unaonekana mzima, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Kilo 5 wodini ni kidogo kuliko unavyodhani. Boksi la chupa 12 za dripu za lita moja ni zaidi ya kilo 12. Ndoo ya lita kumi ikijaa ni kilo kumi za maji peke yake. Mguu mmoja wa mgonjwa wa kilo 70 una takriban kilo 11, kwa hiyo kuunyanyua tu ili mwenzako azungushe bendeji kumeshavuka mpaka mara mbili. Hiki cha mguu ndicho kilichonifumbua macho, maana hakuna muuguzi anayekiita kunyanyua. Tunakiita kushika kidogo.

Tumia shuka la kutelezesha na mashine ya kunyanyulia kama zipo. Kama hazipo, nafasi yako ni ya kuhesabu "moja, mbili, tatu" na kushika mirija, si ya kuvuta shuka. Pandisha kitanda hadi usawa wa kiuno kabla ya kufanya lolote, hata kuweka kanula. Kuinama muda mrefu hubana tumbo na kwa aliyefanyiwa sliivu hupandisha tindikali kooni. Chumba cha upasuaji na cha picha kina mtego wake: aproni ya risasi ya kukinga mionzi ina kilo kadhaa na mkanda wake hukaza palepale penye vidonda. Omba ya vipande viwili, au upangiwe kazi isiyohitaji kuvaa hadi wiki sita zipite. Wa wodi ya akili na wa mapokezi ya dharura wafikirie kiwiko cha mgonjwa anayepigana. Kwa wiki hizo simama upande wa mlango na wa simu, si upande wa mikono.

Sasa kuhusu moyo kusimama. Kukandamiza kifua ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita, na nguvu yake hutoka kwenye kiwiliwili. Mwanzo wa kila zamu, wakati wa makabidhiano, sema wazi: likitokea la kutokea, mimi ninaandika, ninahesabu muda, ninavuta dawa. Ukijikuta peke yako na mgonjwa asiyepumua, utaanza kukandamiza. Najua, na ningeanza mimi pia. Ndiyo sababu kile kipengele cha kutopangwa peke yako kiwe kwenye barua, maana uamuzi huo haufai kufanywa kando ya kitanda saa tisa usiku.

Hatua ya tano: maji

Kama una nguvu ya kufuata hatua moja tu kati ya zote, iwe hii. Kutapika na kukaukiwa maji ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha watu hospitali baada ya upasuaji huu, na kazi yetu inaongeza joto, mwendo na kusahau.

Lengo ni lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa mafunda madogo. Gawanya hivi: kabla ya kutoka nyumbani mililita 250, ukiwa zamuni mililita 100 hivi kila saa, na kilichobaki jioni. Chupa ya mililita 500 iliyochorwa mistari kwa kalamu ya wino mzito inatosha. Ukianza zamu saa moja asubuhi, mstari wa kwanza saa mbili, wa pili saa tatu, na kuendelea. Ukifika saa saba mchana chupa ya kwanza haijaisha, mwambie mwenzako sasa, si saa kumi.

Sheria za kuzuia maambukizi hazikuruhusu kunywa kando ya vitanda wala juu ya kigari cha dawa, na ni sheria nzuri. Chagua sehemu moja iliyo karibu, chumba cha chai au ofisi, na uifungamanishe na jambo ambalo tayari unalifanya: kila unapomaliza mzunguko wa vipimo, kila unapotoka kuandika faili. Kengele ya simu inafaa pia, ila ukweli ni kwamba kengele tunazizima. Unapokuwa chumba cha kutengwa, umevaa barakoa na gauni, kunywa kabla ya kuvaa na mara tu baada ya kuvua, na usikubali kukaa ndani zaidi ya saa mbili katika miezi ya mwanzo.

Maji na chakula havipandi pamoja. Ukishakula, subiri dakika 30 ndipo unywe, na vinywaji vyenye gesi viache. Ukiwa unatumia dawa za presha, na hasa za kuongeza mkojo, rudi kwa daktari zipitiwe upya kabla hujaanza zamu. Presha hushuka mapema pamoja na uzito, na dozi iliyokufaa mwezi uliopita inaweza kukuangusha mbele ya kigari cha dawa. Vivyo hivyo insulini na vidonge vya sukari vinavyosukuma kongosho. Pima presha yako umekaa, kisha umesimama. Vifaa vimejaa wodini.

Hatua ya sita: kula ndani ya zamu

Muuguzi anakula kwa dakika tano. Tumbo jipya linataka dakika 20 hadi 30, tonge dogo, na kutafuna hadi kiwe uji. Ukienda haraka, chakula hukwama: maumivu katikati ya kifua, mate yenye povu kujaa mdomoni, na mwisho kutapika. Likikupata mara moja mbele ya ndugu wa mgonjwa utajifunza, lakini si lazima ujifunze hivyo.

Protini ndiyo ya kwanza kwenye sahani. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa sehemu ndogo hivi lazima upige hesabu. Yai moja lina gramu sita hivi. Samaki au nyama iliyopikwa ya gramu 30, kiasi cha vidole viwili, ina gramu saba. Glasi ndogo ya maziwa ya mililita 200 ina gramu saba. Huwezi kufika kwa mlo mmoja wa mchana, kwa hiyo gawanya. Kwa zamu ya saa moja asubuhi hadi saa moja usiku, mpango ulionifaa ni huu:

- Saa kumi na mbili asubuhi: yai au mtindi, nyumbani, ukiwa umekaa.
- Saa nne: maziwa au kinywaji cha protini, polepole. Hiki hakihitaji nusu saa ya kusubiri kwa kuwa chenyewe ni kimiminika.
- Saa saba: mlo wako mkuu wa zamu, laini na wenye unyevu. Mwenzako ashike wagonjwa wako kwa dakika 30 kamili. Mlipe kwa kushika wake.
- Saa kumi: mtindi au jibini kidogo.
- Saa mbili usiku: mlo wa nyumbani.

Usiku mpango ni huohuo, ukihesabu kuanzia saa ulipoamka. Hatari ya usiku ni kudokoadokoa. Chakula laini chenye sukari hupita kirahisi sana hata kwenye tumbo dogo, na biskuti sita kati ya saa nane na saa kumi na moja hutazihisi, ila mizani itazihisi.

Kisha kuna boksi la chokoleti. Kila wodi inalo, limeletwa na ndugu wenye shukrani, limekaa kaunta kama mtego wa panya. Kwa aliyefanyiwa baipasi, sukari ikishuka kwa kasi kwenye utumbo husababisha dampingi: ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakimbia, jasho, tumbo kusokota, kuharisha. Ile ya kuchelewa huja saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka, na mara nyingi huanza kujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati umeshajiona umepona na hufuati chochote.

Hiyo ya kuchelewa ni suala la usalama wa mgonjwa wako, si wako peke yako. Muuguzi mwenye sukari ya 2.8 mmol/L hawezi kukokotoa dozi. Ukitetemeka, ukiona ukungu au ukisoma mstari mmoja mara tatu, funga kigari cha dawa na umkabidhi mtu funguo, kisha upime sukari. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, tumia gramu 15 za glukosi, upime tena baada ya dakika 15, halafu ule kitu chenye protini ili isishuke tena. Likijirudia, nenda kwa daktari. Usilitibu kwa pipi mfukoni mwaka mzima.

Hatua ya saba: vidonge vyako vipewe saa kama vya wagonjwa

Utatumia vitamini maisha yote. Madini ya chuma na kalisi hayameziwi pamoja. Yapishane kwa saa mbili angalau. Kalisi, ambayo kwa wengi ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, mwili haupokei zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja, kwa hiyo ni dozi mbili au tatu. Chai na kahawa huzuia chuma. Njia rahisi kwa mtu wa zamu: chuma kabla ya kulala, iwe usiku au asubuhi ya kutoka zamu, na kalisi ugawanye kwenye milo. Vitamini B12 kwa wengine huwa sindano ya mwezi. Usichomwe na mwenzako koridoni bila kuandikwa popote.

Mgongo ukiuma, na utauma, usipokee ibuprofeni wala diklofenaki kutoka mfukoni mwa mtu. Dawa za jamii hiyo husababisha vidonda kwenye muungo wa baipasi, na sigara vilevile. Tumia parasetamoli. Vidonge vya kuyeyuka polepole huenda visifanye kazi ipasavyo, kwa hiyo mwonyeshe mfamasia orodha yako yote. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki baada ya baipasi, na mimba hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Ukipata mimba baadaye, kataa kile kipimo cha kunywa glukosi; waombe njia nyingine, maana kitakuletea dampingi palepale kliniki. Na pombe sasa huingia kwenye damu haraka na kukaa zaidi, hivyo glasi moja ya sherehe ya idara si glasi ileile ya zamani.

Hatua ya nane: lini uache kazi na uende kutibiwa

Tatizo letu ni kujichunguza wenyewe. Tunajibonyeza tumbo chooni na kujiruhusu kurudi wodini. Weka mipaka ambayo huna ruhusa ya kuijadili. Mapigo zaidi ya 120 ukiwa umepumzika, homa ya 38 na zaidi, maumivu ya bega la kushoto, kupumua kwa shida, au tumbo linalozidi kuuma katika wiki za mwanzo: hiyo ni kuvuja kwa mshono wa ndani hadi ithibitishwe si hivyo, na mapigo ya moyo mara nyingi hutangulia homa. Goti kwenda chini kuvimba upande mmoja, au kifua kuchoma ghafla: damu iliyoganda. Vaa soksi za kubana ukiambiwa, na usikae saa nzima bila kutembea, hata ukiwa kazi ya mezani. Choo cheusi. Kushindwa kuhifadhi maji tumboni kwa siku nzima.

Kutapika kwa siku kadhaa humaliza vitamini B1, na hilo huharibu ubongo. Ukiwekewa dripu, kumbusha kwamba B1 itangulie glukosi. Kwa wa baipasi, hata miaka kadhaa baadaye, maumivu ya kusokota yanayokuja na kuondoka baada ya kula yanaweza kuwa utumbo umeingia kwenye uwazi wa ndani. Picha ya CT inaweza kuonekana safi na bado tatizo likawepo. Muone daktari wa upasuaji huu, si yeyote aliyepo zamu.

Mwenzako mmoja unayemwamini ajue haya, na uvae bangili iliyoandikwa aina ya upasuaji wako. Ukianguka kazini, watakaokuhudumia ni watu wenye mikono myepesi na mazoea: wa kwanza atataka kukupitishia mrija wa puani kwenda tumboni. Baada ya upasuaji huu, na hasa baipasi, mrija huo hauingizwi kwa kubahatisha. Unaweza kutoboa.

Mambo madogo yasiyo madogo

Barakoa ya N95 hukaa kwa umbo la uso, na uso wako utapungua. Baada ya kilo kumi hivi omba upimwe upya kama inakutosha, na tena uzito ukitulia. Mashine ya kupumulia usingizini nayo ina presha iliyowekwa kwa mwili wa zamani. Ipimwe upya, usiiache kwa kuwa tu hukoromi tena. Na ukilala mchana baada ya zamu ya usiku, ivae mchana. Pete zitateleza ndani ya glavu. Nywele hudondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, nyingi zikarudi. Ukiziona zinaendelea baada ya hapo, pima chuma na zinki kabla ya kununua mafuta.

Watu watasema. Mgonjwa wa zamani atauliza kama unaumwa, mwenzako atakuuliza kilo ngapi mbele ya koridori nzima, mwingine atakwambia ulitafuta njia ya mkato. Jibu fupi ninalolipenda ni "nilipasuliwa, naendelea vizuri, kitanda cha nne anakuita." Ukitaka kueleza, eleza. Huna deni. Ila jihadhari na nafasi ya kuwa mshauri wa kila mtu mnene wodini. Mgonjwa akikuuliza, mpeleke kliniki husika. Mwili wako si kielelezo cha matibabu yake.

Vipimo vya damu hufanywa kwa kawaida mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka: damu, chuma, B12, folati, vitamini D, kalisi. Andika tarehe hizo zote leo na umpelekee msimamizi kabla ratiba ya zamu haijabandikwa ukutani. Ikishabandikwa, utakuwa unaomba fadhila.